Nissan Leaf Iliyotumika: Jinsi ya Kuipima Betri na Gari Lenyewe Kabla ya Kulipa

Wanunuzi wengi wa Nissan Leaf iliyotumika, gari dogo la umeme, wanakwama mahali pale pale. Wanaikagua kama wanavyokagua Vitz au IST: wanatazama kilomita, wanafungua boneti, wanazunguka mtaa mmoja, wanalipa. Baada ya muda mfupi wanauliza kwa nini gari waliloambiwa linakwenda kilomita 200 halimalizi safari ya Bunju hadi Posta, jijini Dar es Salaam, na kurudi.

Kwenye Leaf, kilomita zilizotembea zinakueleza kidogo sana. Gari la kilomita 40,000 lililoanikwa juani kwa miaka huku limejaa chaji linaweza kuwa na betri iliyochoka kuliko lenye kilomita 90,000 lililotunzwa vizuri. Kinachobeba thamani ya gari hili ni betri kubwa iliyo chini ya sakafu, na betri hiyo inapimika. Vifaa vyake si ghali, na kazi yote inahitaji nusu siku.

Nimechagua Leaf kwa sababu ndilo gari dogo la umeme la bei ya chini linaloonekana sana katika yadi za Afrika Mashariki. Usukani wake uko kulia na linatoka Japani kupitia njia ileile tuliyoizoea.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye programu ya LeafSpy, inayosoma hali ya betri ya Leaf. Toleo la Pro linalipiwa, na inafaa ulilipie, maana ndilo linaloonyesha mambo yote utakayoyahitaji hapa chini.
- Kifaa cha OBD2 chenye Bluetooth, yaani kile kinachochomekwa kwenye gari ili simu isome kompyuta yake. Angalia orodha ya vifaa vinavyokubaliwa ndani ya programu kabla ya kununua. Vile vya bei ya chini kabisa mara nyingi huunganika na simu lakini hushindwa kusoma betri ya Leaf.
- Testa ya kupimia volti.
- Tochi, na boksi la kulalia unapochungulia uvunguni.
- Daftari na kalamu.
- Ruhusa ya muuzaji kuendesha gari hadi chaji ishuke chini ya asilimia 20. Iombe kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Akikataa katakata, ulipie mafuta ya gari la kuwasindikiza au umlipe kwa muda wake. Akikataa na hilo, tafuta gari jingine.

Onyo. Nyaya nene za rangi ya machungwa zilizo chini ya boneti na uvunguni zinabeba umeme wa karibu volti 400. Usiziguse, usizichomoe, na usimruhusu fundi asiyefunzwa magari ya umeme azifungue. Ukaguzi huu wote unafanyika bila kuzigusa.

## Hatua ya 1: Andika safari yako

Anza na maisha yako. Chukua siku yako ndefu ya kawaida, kwenda na kurudi, pamoja na kupita shule na sokoni. Tuseme unaishi Bunju na kazi iko Posta: ukijumlisha michepuko, weka kilomita 80.

Sasa gawanya kwa 0.8, kwa sababu hutakiwi kufika nyumbani na chaji sifuri. Unapata kilomita 100. Katika foleni za mjini huku kiyoyozi kinafanya kazi, Leaf hutembea kilomita 6 hivi kwa uniti moja (uniti ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja). Kwa hiyo unahitaji betri inayobeba kama uniti 17 leo, na ziada kidogo kwa ajili ya miaka ijayo.

Andika namba hiyo juu ya ukurasa. Kila hatua inayofuata utailinganisha nayo.

Kama safari zako za kawaida ni za mikoani, acha hapa. Barabara kuu kwa mwendo wa 100 hunywa umeme haraka kuliko mjini, na Leaf ndogo itakutesa.

Umefaulu ukiwa na namba moja ya uniti, iliyotokana na barabara zako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Jua ni Leaf ipi iliyo mbele yako

Tafuta namba ya chasi. Ikianza na ZE0 ni Leaf ya mwanzo kabisa, betri ya uniti 24. AZE0 ni ile iliyoboreshwa, yenye 24 au 30. ZE1 ni umbo jipya lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2017, lenye 40, au 62 kwa ile inayoitwa e+.

Kama namba haisomeki vizuri, fungua buti. Kwenye ZE0 kuna nundu kubwa nyuma ya viti, ndiyo chaja yenyewe. Kwenye AZE0 chaja ilihamishiwa mbele na buti likawa na nafasi zaidi.

Hapa ndipo wengi hudanganyika na matangazo, tena bila muuzaji kusema uongo. Kipimo cha zamani cha Japani kilizipa Leaf sifa kubwa mno: kilomita 228 kwa ya uniti 24, 280 kwa ya 30, na 400 kwa ya 40. Kipimo cha Marekani, ambacho kiko karibu zaidi na barabara za kweli, kiliipa ya 24 ya mwaka 2014 kilomita 135, ya 30 kilomita 172, na ya 40 kilomita 243. Hizo nazo ni za betri mpya. Ukiona "228" kwenye tangazo la gari la 2014, ifute akilini.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza kwa maji wala kwa feni. Inategemea hewa inayopita nje. Ndiyo maana joto huiumiza. Arizona, jimbo la Marekani lenye joto kali, Leaf za mwanzo zilianza kupoteza uwezo mapema hadi wenye magari wakalalamika hadharani mwaka 2012. Kuanzia magari ya mwaka 2015 kemikali za betri zilibadilishwa ili zistahimili joto zaidi. Aliyeko Nairobi au Arusha ana nafuu. Aliyeko Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar ningemshauri asiguse ZE0 kabisa, hata ikiwa inang'aa.

Umri una hesabu nyingine bandarini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Leaf za umbo la kwanza utakazoziona huko ziko nchini tayari. Uganda mpaka ni miaka 15. Tanzania inaruhusu, ila gari kuukuu linaongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Peleka namba ya mwaka kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kukubali bei yoyote ya Japani.

Umefaulu ukijua aina ya chasi, mwaka wa kutengenezwa, na ukubwa wa betri ilipokuwa mpya.

## Hatua ya 3: Hesabu vipande vya afya

Washa gari. Kwenye ZE0 na AZE0, ukingoni kulia mwa dashibodi kuna mistari miwili ya vipande. Vipande vinene ni chaji iliyopo sasa. Vipande vyembamba vya pembeni ndivyo vya afya ya betri, na betri nzima ina 12. Wengi huchanganya hivi viwili na kufurahi kwamba "betri imejaa".

Kipande cha kwanza huondoka betri ikiwa imepoteza takriban asilimia 15, vinavyofuata huondoka kila baada ya asilimia 6 na kidogo. Gari lenye vipande 9 limebaki na kama asilimia 72. Lenye 8, kama 66.

Vipande hivi ni mlango tu, usiishie hapo. Kuna watu wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vipande vyote 12 virudi. Betri inabaki ileile, na vipande vinaanza kupotea tena mnunuzi akishaondoka na gari. Gari la mwaka 2012 lenye vipande 12 likutie shaka badala ya kukufurahisha.

## Hatua ya 4: Soma betri kwa LeafSpy

Tundu la OBD2 liko chini ya usukani. Chomeka kifaa, washa gari, unganisha simu. Andika haya:

SOH. Ni asilimia ya uwezo uliobaki. Zidisha na uniti zinazotumika za betri mpya: ya 24 hutoa kama 21, ya 30 kama 27, ya 40 kama 37. Mfano, Leaf ya 24 yenye SOH 75 ina uniti 16 hivi. Mtu wetu wa Bunju alihitaji 17. Gari hilo linamfaa mtu wa Sinza, aliye karibu zaidi na Posta, yeye halimfai. Leaf ya 30 yenye SOH 80 ina karibu 22, hiyo inamtosha na kubakiza.

Kuhusu za uniti 30 kuna jambo la kuangalia: programu yake ya awali ilikuwa ikitoa SOH ya chini kuliko hali halisi, na Nissan ilitoa marekebisho mwaka 2018. Ukikuta ya 30 yenye SOH mbaya, usiikatae papo hapo. Ipitishe kwenye hatua ya 5 na ya 7 kwanza, huenda ukapata gari zuri kwa bei ya gari bovu.

Hx. Inahusiana na ukinzani wa ndani ya betri. Ikiwa chini sana kuliko SOH, tarajia betri inayolegea ukikanyaga mafuta kupanda mlima.

Tofauti ya seli. LeafSpy huchora nguzo 96, moja kwa kila jozi ya seli, na chini yake huandika tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini kwa milivolti. Betri ikiwa imejaa, karibu kila gari linaonekana zuri: tofauti ya 10 au 20. Iandike, lakini usiiamini bado.

Idadi ya chaji za haraka. Nyingi sana kwenye gari la nchi ya joto ni dalili mbaya. Nyingi kwenye gari la Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye baridi, hazinisumbui.

## Hatua ya 5: Iendeshe mpaka chaji iishe mkononi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayofichua karibu kila kitu. Seli iliyochoka haijionyeshi chaji ikiwa juu. Inajificha ndani ya kundi, na kundi likipungua nguvu ndipo yenyewe inaporomoka kabla ya wenzake. Gari zima linasimama kwa sababu ya jozi moja kati ya 96.

Anza na chaji ya asilimia 70 au zaidi. Sifirisha kipimo cha safari, andika asilimia ya chaji. Washa kiyoyozi, maana ndivyo utakavyoishi na gari. Usitafute barabara tupu. Nenda kwenye foleni, kisha tafuta kipande cha barabara cha kukimbia 80, kisha mlima. Dar ni tambarare, lakini Goba na Kimara vina milima inayotosha. Mwenza wako ashike simu yenye LeafSpy. Usiisome wewe huku unaendesha.

Chaji ikifika asilimia 30, punguza haraka ya kurudi na uanze kutazama kwa makini. Tafuta mlima ukanyage mpaka mwisho kwa sekunde kadhaa. Mwenza aandike tofauti ya seli wakati huohuo.

Jinsi ninavyozisoma namba hizo:

- Chini ya milivolti 50 ukiwa chini ya asilimia 20: betri ina umoja. Endelea.
- Kati ya 50 na 100: imeanza kuchoka. Bei ishuke.
- Zaidi ya 100, tena nguzo ileile au mbili zikibaki fupi kila ukikanyaga: kuna seli mbovu. Kubadilisha moduli moja (kifurushi cha seli chache) kunawezekana, lakini moduli mpya kati ya zilizozeeka haikai sawa na wenzake, na mafundi wanaoijua kazi hiyo bado ni wachache kwetu.

Tazama pia asilimia yenyewe inavyoshuka. Inatakiwa iteremke hatua kwa hatua: 30, 29, 28. Ikiruka kutoka 28 hadi 15 kwa mlima mmoja, au taa ya umbo la kobe, inayoonyesha gari limepunguza nguvu, ikiwaka ukiwa bado na chaji ya kutosha kwenye dashibodi, rudisha funguo.

Hesabu ya mwisho ni rahisi. Umetoka 75 ukafika 18, umetumia asilimia 57. Kama ulitembea kilomita 55, gari likijaa litakwenda kama 96. Toa ile akiba ya asilimia 20, unabaki na 77 za kutegemea. Hesabu hii haijali kompyuta ya betri imefutwa au haijafutwa, mradi umeendesha mpaka chini.

Kilomita zinazokisiwa na dashibodi zipuuze kabisa. Zinatokana na jinsi dereva wa mwisho alivyoendesha, na aliyeteremka mlima kabla yako atakuachia namba tamu.

Umefaulu ukiwa na kilomita ulizozitembea mwenyewe, na tofauti ya seli iliyopimwa chaji ikiwa chini.

## Hatua ya 6: Sehemu nyingine za gari

Hapa Leaf inakupa raha. Haina oili ya injini, plagi, mkanda wa taiming wala gia za kubadilisha, na mota yake inadumu. Kagua bushi, boljointi na shokapu kama gari lolote. Gari hili lina uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo matuta yanavitafuna vipuri hivyo.

Lala uvunguni na tochi. Sakafu ya Leaf iko sentimita 15 hivi tu juu ya ardhi, na kitu cha kwanza kugusa tuta ni ganda la betri. Mikwaruzo ni ya kawaida. Bonyeo kubwa au ufa, acha gari hilo. Tafuta matope yaliyokauka kwenye vishikizo vya mikanda ya viti na chini ya zulia: gari lililowahi kuzama mafurikoni, la umeme, sitakushauri ulichukue kwa bei yoyote.

Diski za breki hushika kutu kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo. Kutu ya juu huisha kwa kuendesha, mashimo hayaishi.

Pima betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, isome 12.4 au zaidi. Likiwa limewashwa, zaidi ya 13. Betri hii ikichoka huwasha taa za hitilafu zisizoeleweka na hata kulizuia gari lisiwake, na watu wamewahi kukimbia magari mazima wakidhani ni mota. Ni tatizo dogo, litumie kupunguza bei.

## Hatua ya 7: Chaji mbele ya macho yako

Fungua kifuniko cha pua ya gari. Kuna matundu mawili: dogo la kuchajia nyumbani, kubwa la CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Udhaifu mkubwa wa Leaf kwa miaka ijayo uko hapo kwenye CHAdeMO. Magari mapya ya umeme yanayoingia kwetu, mengi kutoka China, yanatumia plagi za CCS2 au GB/T, na vituo vinafuata magari mapya. Nunua Leaf ikiwa una pa kuchajia unapolala. Kama huna, usiinunue.

Uliza waya wa kuchajia. Wa Japani ulitengenezwa kwa volti 200 na plagi yao. Tabia ya kuikata plagi hiyo na kuunga ya kwetu ya pini tatu kwa tepu imeunguza soketi. Tafuta waya uliotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, wenye kichwa cha Type 1, unaovuta ampia 10. Kwa kiasi hicho, uniti 16 zinajaa usiku mmoja, kama saa 8.

Nyumbani, soketi ya gari iwe na laini yake kutoka kwenye breka, waya usiopungua milimita 2.5, na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini. Nyumba nyingi zina pini ya ethi kwenye soketi lakini haijaungwa popote, na waya mzuri wa kuchajia utagoma na kuwasha taa nyekundu. Ikitokea hivyo, mwite fundi umeme aipime ethi. Usitafute waya mwingine usiogoma. Ekstensheni ya kukunja ni marufuku kabisa.

Sasa jaribio moja ambalo halidanganyiki. Muuzaji akikubali, chaji kutoka asilimia 20 hadi 100, vitu vingine vya nyumba vikiwa vimezimwa, na usome mita ya umeme kabla na baada. Tuseme zimekwenda uniti 15. Kama asilimia 15 hivi hupotea njiani kama joto, kwa hiyo zilizoingia ni karibu 12.7. Hizo ni asilimia 80 za betri, basi betri nzima inabeba 16. Linganisha na ulichoandika kwenye hatua ya 4. Zikipishana sana, amini mita.

## Hatua ya 8: Gharama ya umeme

Kilomita 100 zitavuta kama uniti 20 kutoka ukutani. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida, uniti ni takriban shilingi 356 pamoja na kodi, yaani kama 7,100 kwa kilomita 100. Gari dogo la petroli litakunywa lita 6 au 7 mjini. Zidisha na bei iliyoandikwa kituoni leo.

Angalizo kwa walio kundi la D1, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi: kundi hilo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari litakutoa humo, na friji na taa zako nazo zitapanda bei. Iweke hiyo kwenye hesabu. Na kama mnachangia mita moja na wapangaji wengine, funga mita ndogo ya gari kabla ugomvi haujaanza.

Kenya kuna bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri iliyoanza mwaka 2023, ila inahitaji mita yake pekee. Kwa gari moja la nyumbani, uliza gharama ya kufunga mita hiyo kwanza.

## Hatua ya 9: Amua

Rudi kwenye ukurasa wa kwanza. Kilomita za kutegemea ulizopata kwenye hatua ya 5 zikizidi safari yako kwa theluthi moja, na tofauti ya seli ikiwa chini ya 50, nunua. Zikitosha kwa kubana, kumbuka betri itaendelea kupungua, na pwani itapungua haraka zaidi. Chukua tu kama unaweza kuchaji na kazini. Zisipotosha, hakuna punguzo la bei litakalozitosheleza.

Kabla ya kulipa, ulizia bei ya betri nyingine iliyotumika na ya kuifunga. Kwa Leaf ya zamani inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, na ukiijua utajadiliana kwa utulivu.

Kwenye hati ya mauziano andikeni SOH, tofauti ya seli chaji ikiwa chini, kilomita na tarehe, nyote wawili mtie sahihi. Ambatisha picha za skrini za LeafSpy. Muuzaji asiyekuwa na cha kuficha hatakataa.

Ukishalichukua, liegeshe kivulini, usiliache limejaa asilimia 100 siku nzima juani, na usiliache sifuri usiku kucha. Jaza mpaka 80 siku za kawaida, 100 asubuhi ya safari. Soma SOH kila mwezi, saa ileile, uiandike katika daftari lilelile.